Mtoto Ajuaye Kwao Humpokea Mgeni

Somo la vikundi: shughuli kutoka shule za msingi za Wales



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya maji, mbegu, mbuzi wa maziwa na mfuko wa akiba. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya watoto, tena juu ya jambo lisilopimwa kwa debe wala kwa ratili: mtoto kujua kwamba hapa ni kwao, na kumsaidia mwenzake ajue hivyo hivyo.

Tuulizane kwanza. Mtoto mgeni akiletwa katika shule ya kijiji chenu, pengine mama yake ameolewa huku, pengine baba amehamishwa kikazi, pengine wamekimbia vita au ukame, siku ya kwanza anakalishwa wapi? Nani anakula naye saa ya chakula? Na kabla wiki haijaisha, atakuwa amebandikwa jina gani la utani?

Sisi wazazi hupenda kusema, "Aa, hayo ni mambo ya watoto." Lakini nchi yetu imeona mambo hayo yakikua. Neno "madoadoa" lilitumiwa kwa majirani wa makabila mengine katika Bonde la Ufa wakati wa ghasia za miaka ya 1990, na tena katika zile za 2007 na 2008 ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Hakuna mtoto aliyezaliwa akilijua neno hilo. Alilisikia kwa wakubwa nyumbani, akalibeba mpaka shuleni.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili tungependa kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa nini mtoto anayejua kwao vizuri hana haja ya kumwogopa mgeni.
2. Kutaja shughuli tatu za bei nafuu zinazoweza kufanywa shuleni au katika kikundi cha watoto.
3. Kusaidia kikundi kuchagua jambo moja la kuanza nalo.

Vifaa: karatasi kubwa za manila au ubao, chaki, kalamu za rangi. Muda: mikutano miwili ya saa moja na nusu. Kama kuna wasiojua kusoma, mmoja asome kwa sauti na kusimama kila baada ya kichwa cha habari ili watu waongee.

WALES NI WAPI, NA KWA NINI HUKO?

Wales ni nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, ndani ya ufalme mmoja nayo. Kwa ukubwa haifikii kaunti ya Kitui. Watu wake ni kama milioni 3, na kondoo ni wengi kuliko watu. Ni nchi ya milima, mvua na malisho, na zamani ilijulikana kwa makaa ya mawe. Tangu mwaka 1999 ina bunge lake linaloamua mambo ya shule na hospitali. Mambo ya uhamiaji bado yanaamuliwa London.

Wana lugha yao, Kiwelshi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Hata jina la nchi lina funzo. "Wales" ni jina walilopewa na majirani zao wa kale, na maana yake ilikuwa "wageni". Fikirini jambo hilo: mtu anaitwa mgeni kwao mwenyewe! Wenyewe hujiita kwa jina lenye maana ya "watu wa nchi moja", na nchi yao huiita Cymru, tamka "Kamri".

Tumechagua Wales kwa sababu wao pia walionjeshwa aibu ya kuzungumza lugha ya mama shuleni, kama sisi. Na katika miaka ya karibuni wameanza kuitumia shule hiyo hiyo kufundisha mambo mawili kwa pamoja: penda kwenu, na fungua mlango.

KIBAO SHINGONI

Katika karne ya 19, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikika akizungumza Kiwelshi alivishwa kibao cha mti shingoni. Kibao hicho kiliitwa "Welsh Not". Mtoto huyo alikaa akisikiliza mpaka amnase mwenzake akiteleza, ampe yeye kibao. Yule aliyebaki nacho jioni ndiye aliyechapwa.

Haikuwa sheria ya serikali. Walimu walikitumia, na wazazi wengi waliona ni sawa kwa sababu walitaka watoto wajue Kiingereza wapate kazi. Mwaka 1847 ripoti ya wakaguzi watatu waliotumwa na serikali, ambao wenyewe hawakujua Kiwelshi, ilisema kwamba lugha hiyo ndiyo inayowarudisha watu nyuma. Maneno hayo yaliwauma Wawelshi, na yanakumbukwa mpaka leo.

Wazee kati yetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Nani hakumbuki "diski" au "monito" iliyozunguka darasani kutoka shingo hadi shingo? Mwandishi wetu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mambo ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Mwandishi wa Kenya na wazee wa Wales wanasimulia karibu kisa kimoja.

Tazameni kibao kilifundisha nini hasa. Hakikufundisha Kiingereza tu. Kilimfundisha mtoto kuona haya kwa sababu ya mama yake, na kilimfundisha kumpeleleza rafiki yake. Mtoto aliyelelewa hivyo akimwona mgeni, atafanya nini? Atafurahi kwamba sasa amepatikana mwingine wa kuvishwa kibao.

Mwaka 1901 nusu ya watu wa Wales walizungumza Kiwelshi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walibaki kama 538,000, yaani chini ya mmoja kati ya watano. Lakini lugha haikufa. Watu waliipigania mahakamani, redioni na barabarani. Leo inafundishwa katika shule za serikali, na ziko shule nyingi zinazofundisha karibu masomo yote kwa Kiwelshi.

MANENO MAWILI YA KUJIFUNZA

Neno la kwanza ni cynefin, tamka "kanevin". Wafugaji wa milimani hulitumia kwa kondoo. Kule mlimani sehemu nyingi hazina ua. Kondoo jike hujua malisho yake na mpaka wake, na mwana-kondoo hujifunza kwa kumfuata mama. Mahali hapo anapopajua bila kufungwa kamba ndipo cynefin yake. Kwa binadamu, ni mahali unapojua njia, majina, harufu na watu, na wao wanakujua wewe. Mtaala mpya wa Wales, ulioanza kutumika katika shule za msingi mwaka 2022, unataka kila shule ianze kufundisha kutoka katika cynefin ya mtoto, ndipo imtoe kwenda ulimwenguni.

Neno la pili ni noddfa. Herufi dd husomwa kama dh ya "dhahabu", na f husomwa v: "nodhva". Maana yake ni kimbilio, mahali pa hifadhi. Katika sheria za kale za Wales, aliyekimbilia kanisani alikuwa chini ya ulinzi, na makanisa mengi ya huko yamepewa jina hili. Wasomaji wetu watakumbuka miji sita ya makimbilio katika kitabu cha Hesabu na cha Yoshua. Wazo ni lile lile: lazima pawe na mahali ambapo anayekimbia atasimama apumue.

Mwaka 2005 katika mji wa Sheffield, Uingereza, lilianza vuguvugu la kuifanya miji iwe ya hifadhi kwa wakimbizi. Swansea, mji wa bandari huko Wales, ukatambuliwa hivyo mwaka 2010. Baadaye shule nazo zikaingia, zikaitwa Shule za Hifadhi. Mwaka 2019 serikali ya Wales ikatoa mpango wa kuifanya nchi nzima iwe "Taifa la Hifadhi".

Sasa msifikiri maneno haya mawili yanapingana. Wako watu, huko na hapa, wanaosema: ukifundisha mtoto kupenda kwao, atamchukia mgeni, au ukimkaribisha mgeni, utapoteza kwenu. Shughuli zifuatazo zinaonyesha kwamba moja huleta nyingine.

SHUGHULI WANAZOFANYA WATOTO

Shule hazifanyi zote kwa namna moja. Kila mwalimu hupanga zake. Hizi ni baadhi ya zile zinazotumika huko, nasi tumezieleza kwa njia inayofaa mazingira ya kijiji chetu.

1. Ramani ya kwetu

Watoto hutoka nje na mwalimu, wakitembea kuzunguka shule na kijiji. Wakirudi, kila mmoja huchora ramani ya njia yake kutoka nyumbani. Siyo lazima iwe sahihi kama ya mpima ardhi. Huweka alama tatu: mahali ninapopenda, mahali ninapokimbilia nikiogopa, na mahali ninapoogopa kupita.

Halafu mzee wa kijiji huitwa aeleze majina ya mahali. Kule Wales majina huongea. Aber ni mlango wa mto, cwm ni bonde, pont ni daraja. Swansea kwa Kiwelshi ni Abertawe, yaani mlango wa mto Tawe. Llan mwanzo ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ua, hasa cha kanisa. Hapa kwetu pia kila kilima na kisima kina sababu ya jina lake, ila watoto wengi hawajaambiwa.

Mtoto mgeni naye huchora ramani mbili, ya kule alikotoka na ya hapa, kama mwenyewe anataka. Faida kubwa ya ramani hizi ni ile alama ya tatu. Mwalimu na wazazi wakiziweka pamoja ukutani wataona watoto kumi wameogopa kona moja. Hapo kamati ina kazi ya kufanya.

2. Salamu ya asubuhi

Asubuhi mwalimu akiita majina, watoto hujibu kwa salamu. Wiki hii bore da, ambayo ni "habari za asubuhi" kwa Kiwelshi. Wiki ijayo Kiarabu, kisha Kisomali, kwa kuwa darasani yuko mtoto wa lugha hiyo, naye ndiye anayekuwa mwalimu wa wiki. Mlangoni huandikwa croeso, yaani "karibu", na chini yake "karibu" kwa kila lugha ya watoto wa shule ile.

Kisomali si kigeni sana kule. Mabaharia Wasomali walifika Cardiff tangu mwisho wa karne ya 19 wakifanya kazi katika meli za makaa ya mawe, na wazao wao wako huko hadi leo.

Shughuli hii haihitaji hata shilingi moja. Mtoto aliyedhani lugha yake ni mzigo anagundua kwamba ni kitu ambacho wenzake wanataka kujua. Ni kinyume kabisa cha kibao.

3. Kona ya kupumzika

Watu wa kusini mwa Wales wana neno cwtch, tamka "kuch". Lina maana mbili: kumbatio la mtu anayekupenda, na pia kijistoo kilicho chini ya ngazi ndani ya nyumba. Katika shule nyingi kuna kona ya darasa yenye jina hilo. Ina mkeka, mito miwili na vitabu vya picha. Mtoto aliyeamka na huzuni hukaa pale kwa muda, bila kuulizwa maswali mengi na bila kuchekwa, halafu hurudi kwa wenzake.

Kina mama wa vikundi wanaoshona wanaweza kutengeneza kona kama hiyo kwa vitambaa vilivyobaki. Darasa likiwa limejaa sana, hata benchi moja chini ya mti linatosha, mradi watoto wote wajue kwamba anayekaa pale hasumbuliwi.

4. Mfuko mmoja

Mwalimu huweka mfuko mbele ya darasa na kusema: "Una dakika tano, tunahama, huenda tusirudi. Utachukua nini?" Kila mtoto huchora vitu vitano. Halafu mwalimu husema, "Gari limejaa, acha viwili." Watoto wengi mwanzo huchora vitu vya kuchezea. Wakiendelea kuzungumza huanza kuuliza: "Na nyanya? Na mbwa wetu?"

Walimu wa Wales wana mfano wa karibu. Kulikuwa na kijiji kiitwacho Capel Celyn, cha wafugaji waliozungumza Kiwelshi. Mji wa Liverpool ulitaka maji. Ingawa wabunge wa Wales walipinga, bunge la London lilipitisha sheria mwaka 1957, na mwaka 1965 bonde likawa ziwa. Nyumba, shule, posta na kanisa vikafunikwa na maji. Mwaka 2005 halmashauri ya Liverpool iliomba msamaha. Mtoto wa Wales anayekijua kisa hiki haoni tena mkimbizi kama mtu wa ajabu. Anajua kwamba hata watu wa kwao waliwahi kufunga mizigo bila kupenda. Kwa uchungu huo wa kukumbuka kwenu, Kiwelshi kina neno lake, hiraeth.

5. Mashindano ya nyimbo na mashairi

Tarehe 1 Machi ni siku ya Dewi, mtakatifu wa Wales. Watoto huvaa ua la manjano liitwalo daffodil, au liki, ambayo ni mboga ya jamii ya vitunguu. Hufundishwa wosia wake kwamba watu wayashike mambo madogo madogo. Katika siku hizo shule nyingi hufanya eisteddfod, tamka "aistedhvod", mashindano ya kuimba, kukariri na kutunga. Desturi hiyo ni ya zamani sana. Watu huihesabu tangu mkutano wa mwaka 1176 katika ngome ya Cardigan. Mtunzi bora wa shairi hupewa kiti, na hukalishwa humo mbele ya watu wote.

Sisi tunayo tamasha ya muziki ya shule, na tunajua furaha yake. Jambo la kuiga ni hili: mtoto mgeni hupewa nafasi mbili, kujifunza wimbo wa wenyeji na kuwafundisha wa kwao.

6. Ujumbe wa amani

Tangu mwaka 1922 watoto na vijana wa Wales hutuma ujumbe wa amani na nia njema kwa watoto wa dunia, kila mwaka. Ule wa kwanza ulitumwa kwa njia ya redio, vita kuu ya kwanza ikiwa bado mbichi mioyoni. Darasa hukaa na kuulizana: mwaka huu tuwaambie nini wenzetu? Watoto wa kijiji chetu wanaweza kuandikia shule ya kijiji jirani, hasa kama kuna ugomvi wa maji au wa mifugo kati ya wakubwa.

TAHADHARI

Jambo hili tunaomba lisomwe mara mbili. Msimsimamishe mtoto aliyekimbia vita au aliyefukuzwa kwao na kumwambia, "Tueleze yaliyokupata." Hata kwa nia njema, hayo ni kumtonesha kidonda mbele ya watu. Shughuli ya mfuko isifanywe bila kwanza kuongea na mzazi wake, na mtoto awe huru kukaa nje. Akitaka kusimulia, atachagua siku na mtu. Pia asiitwe "mkimbizi wetu" hata kwa upendo. Ana jina.

MAMBO SI MAZURI YOTE

Tusidanganyane kwamba Wales ni peponi. Mwezi wa Januari 2016 ilijulikana kwamba katika mji wa Cardiff waomba hifadhi walitakiwa kuvaa bangili nyekundu ili wapewe chakula. Watu barabarani waliziona na kuwatukana. Kelele zilipopigwa, bangili zikaondolewa. Na ule mpango wa Taifa la Hifadhi umezua ubishi mkali wa kisiasa. Wako wanaosema kwamba fedha zingetumika kwanza kwa wenyeji wasio na nyumba wala kazi. Hiyo ni hoja ambayo hata kikundi chetu kitaisikia, na isijibiwe kwa matusi.

Lakini tazameni tena ile bangili. Kibao shingoni kwa mtoto wa Wales, diski kwa mtoto wa Kenya, kipande ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba shingoni kuanzia mwaka 1920, bangili nyekundu kwa mkimbizi. Ni alama ile ile ikihama mwili hadi mwili. Mtu anayejua historia yake ataitambua ikifika kwa mwingine, na atasema, "Hii tunaijua. Iondoeni."

MPE JEMBE

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu hudhani methali hii ya pili ni ya kumfukuza mgeni. Sisi tunaielewa vingine: kumpa jembe ni kumwambia, wewe si wa kuangaliwa tu, una sehemu katika shamba hili.

Mifano ya Wales inaonyesha hivyo. Mwaka 1937, wakati wa vita vya Hispania, watoto karibu 4,000 wa Kibaski walisafirishwa kwa meli hadi Uingereza. Baadhi walipelekwa Caerleon, kusini mwa Wales. Wachimba makaa ya mawe, ambao wengi walikuwa wametoka tu katika miaka ya njaa na kukosa kazi, walichanga fedha za kuwatunza. Ilikuwa harambee kabisa, ila hawakuiita hivyo. Na watoto wale hawakukaa kuhurumiwa. Walitoa gazeti lao dogo na kuunda timu ya mpira.

Mwaka 2021 familia za Afghanistan, watu zaidi ya 100, zilipokewa Cardiff katika kituo cha Urdd, chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1922 kuilinda lugha ya Kiwelshi. Chama cha kulinda lugha ya wenyeji ndicho kilichofungua vyumba vyake.

Yuko pia Joseph Gnagbo, aliyekimbia kutoka Ivory Coast na kufika Wales akiomba hifadhi. Alijifunza Kiwelshi, na mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Cymdeithas yr Iaith, chama kinachopigania lugha hiyo. Wenyeji walimpa mgeni jembe, naye akashika mstari wa mbele katika shamba lao. Waliokuwa wakiogopa kwamba wageni wataua lugha wana la kufikiri hapo.

KIKUNDI CHETU KIFANYE NINI?

Shule za Hifadhi hufuata hatua tatu. Nasi tunaweza kuzifuata.

Jifunzeni. Kaeni na mwalimu mkuu na kamati ya wazazi. Ulizeni: tuna watoto wangapi waliohamia mwaka huu? Wanazungumza lugha gani nyumbani? Je, kuna diski inayozunguka hadi leo? Kumbukeni mtaala wa Kenya unataka watoto wa gredi za chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao.

Tieni mizizi. Chagueni shughuli moja, siyo sita. Ifanyeni kwa muhula mzima mpaka iwe desturi. Salamu ya asubuhi ni rahisi kuanza nayo. Familia ngeni nayo ialikwe kikundini, ipewe kazi na haki ya kukopa kama wengine wakitimiza masharti.

Shirikisheni wengine. Siku ya wazazi, watoto waonyeshe ramani zao na kuimba. Vikundi vya jirani vialikwe. Na nyumbani kila mmoja wetu aangalie ulimi wake, maana watoto hawajifunzi majina mabaya kwa mwalimu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani kati yetu aliwahi kuvaa diski? Ulijisikiaje, na ulimpelekea nani?
2. Ni majina gani ya utani yanayotumiwa kwa wageni hapa kwetu? Yalitoka wapi?
3. Je, kuna kijiji au familia za karibu zilizohamishwa kwa sababu ya bwawa, msitu, ghasia au ukame? Wako wapi sasa?
4. Watoto wetu wakichora ramani, mnafikiri wataweka wapi alama ya "ninapoogopa kupita"?
5. Mtu akisema, "Tusaidie wetu kwanza," tutamjibu nini kwa heshima?
6. Ni jembe gani tunaloweza kumpa mgeni aliye kati yetu mwezi huu?

Katibu aandike majibu ya swali la sita, jina la atakayefuatilia, na tarehe. Yasomwe mwanzoni mwa mkutano ujao, kabla ya hesabu ya fedha.